Sifa Zenye Bei: Malenga wa Kigaeli na Makabaila Waliowahitaji

Vitabu vya tarikhi vya Ayalandi, chini ya mwaka 1213, vinasimulia kisa cha mkusanya kodi na shoka. Fionn Ó Brolcháin, msimamizi wa mapato ya Domhnall Mór Ó Domhnaill, mtawala wa Tír Chonaill kule kaskazini-magharibi, alikwenda pande za Sligo kudai haki ya bwana wake. Akafika nyumbani kwa malenga Muireadhach Ó Dálaigh, akaanza kumfokea. Malenga akachukua shoka lenye makali, akampiga nalo, mgeni akafa palepale. Baada ya hapo ni mbio tupu: Clanricarde kwa ukoo wa de Burgh, Wanormani, yaani wavamizi waliotoka Uingereza, kisha Thomond, kisha Limerick, kisha Dublin, na kila alikojificha Ó Domhnaill alimfuata na jeshi. Mwisho akavushwa bahari hadi Uskoti, na jina la Muireadhach Albanach, Muireadhach wa Uskoti, likamganda mpaka leo.

Lipo shairi alilomtungia Richard de Burgh, mwenyeji wake wa kwanza katika kukimbia huko. Hamna majuto ndani yake. Kuna mshangao. Ugomvi wenyewe ni mdogo, anasema: mtwana amenitukana, nami nimemuua, ee Mungu, hilo nalo ni la kuwekeana uadui? Kilichomrudisha nyumbani hatimaye kilikuwa mashairi matatu ya kumsifu Ó Domhnaill, aliyoyatunga huko Uskoti. Mtawala yule yule aliyepeleka askari mpaka Dublin kumsaka mtu mmoja aliyapokea, akasamehe, akampa na shamba juu yake.

Hesabu hiyo ndiyo inayonishughulisha. Siku hizi mtu anayemsifu mkubwa kwa malipo tunamwita chawa, na sote tunajua sifa zake zina uzito gani. Mkubwa mwenyewe anajua. Sasa inakuwaje watawala wa Wagaeli, wenyeji wa kale wa Ayalandi na wa nyanda za juu za Uskoti, watu wa vita wanaojua idadi ya ng'ombe wao mmoja mmoja, watoe mifugo na mashamba yasiyotozwa kodi kwa ajili ya beti, tena kwa karne nne na zaidi, tangu miaka ya 1200 mpaka katikati ya miaka ya 1600? Jibu langu ni kwamba walikuwa wananunua kitu ambacho muuzaji aliweza kuwanyima, na ambacho hakikupatikana duka jingine. Shairi lilikuwa hati. Lilisema fulani ni nani, katoka kwa nani, na kwa nini ardhi hii ni yake. Asiyekuwa nalo alikuwa mtu mwenye upanga tu.

Tuanze na hadhi, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Sheria za kale za Ayalandi ziliwagawa washairi katika daraja saba. Wa juu kabisa aliitwa ollamh, na alitakiwa awe na tungo 350 kichwani. Fidia ya kumvunjia heshima ililingana na ile ya mfalme wa himaya ndogo. Kufikia zama za Muireadhach kazi hiyo ilikuwa imeshakuwa ya ukoo: Ó Dálaigh, Ó hUiginn, Mac an Bhaird, Mac Con Midhe, Ó hEodhasa. Baba malenga, mwana malenga, na chuo kikiendeshwa humo humo ndani ya ukoo. Ndiyo maana Muireadhach hakuelewa kelele zilikuwa za nini. Machoni pake aliyekufa alikuwa karani, na aliyetukanwa alikuwa mtu wa daraja la mfalme.

Maelezo yaliyochapishwa mwaka 1722 yanatupa picha ya vyuo hivyo vilivyokuwa. Masomo yalianza majira ya mavuno yakiisha, yakakoma tarehe 25 Machi. Wanafunzi walipewa mada, kila mmoja akaingia chumbani kwake, kitanda kimoja, hakuna dirisha, akalala gizani siku nzima akitunga kwa kichwa. Jioni ndipo mishumaa ilipoletwa na kila mtu akaandika alichonacho. Martin Martin, mtu wa kisiwa cha Skye, aliandika mambo ya namna hiyo kuhusu malenga wa Uskoti, akaongeza kwamba walijilaza na jiwe tumboni, kichwa kimefunikwa shuka. Msomaji wa leo anaweza kucheka. Lakini mtu akishajua kanuni zenyewe za utungaji hacheki sana.

Sisi tuliolelewa na mizani na vina hatuna kisingizio cha kutoelewa. Washairi hawa nao walihesabu silabi. Katika bahari yao iliyotumika zaidi, deibhidhe, ubeti ni wa mishororo minne na kila mshororo una mizani saba. Vina vyao havifanani na vyetu: neno la mwisho la mshororo wa pili lazima liwe na silabi moja zaidi ya lile linalokamilisha kina la mshororo wa kwanza, na konsonanti ziligawanywa katika makundi, kwamba hii inaweza kukaa na ile katika kina lakini si na ile nyingine. Juu ya hapo kuna mwangwi wa herufi za mwanzo ndani ya mshororo. Lugha yenyewe ilikuwa sanifu, ya vyuoni, ileile kutoka kusini ya Munster mpaka visiwa vya Uskoti, na haikubadilika kwa karne kadhaa wakati lugha ya watu mitaani ikienda zake. Mkulima aliyekuwa nje ya ukumbi angesikia kinubi na sauti tamu, na maana ingempita kiasi. Malenga mwenyewe hakughani; alikaa karibu na mtawala, mghani akasoma, mpiga kinubi akafuatisha.

Makabaila, kwa upande wao, walikuwa na masikio yaliyofundishwa. Karibu mwaka 1470 Aithbhreac inghean Coirceadail alimwombolezea mumewe, mkuu wa ukoo wa MacNeill, katika shairi linalozungumza na tasbihi ya marehemu iliyobaki mkononi mwake. Alitunga kwa kanuni hizo hizo za vyuoni ingawa vyuo havikuwa vya wanawake. Kwangu mimi ni miongoni mwa tungo bora za zama zile, na hakulipwa kitu.

Turudi kwenye malipo. Krismasi ya mwaka 1351 Uilliam Ó Ceallaigh, mtawala wa Uí Mhaine, aliwaalika washairi wa Ayalandi nzima. Gofraidh Fionn Ó Dálaigh alikuwapo na akaitungia karamu hiyo shairi. Anaeleza jinsi mwenyeji alivyojenga mji wa muda wa vibanda vya fito, mtaa wa washairi, mtaa wa wanahistoria, mtaa wa wapiga muziki, vikiwa vimepangwa kama mistari ya maandishi, na ngome ya Ó Ceallaigh mwanzoni mwa mistari kama herufi kubwa iliyonakshiwa. Gharama zilikuwa za kutisha, na faida ndiyo hii: miaka karibu 675 imepita nami naandika jina lake kwa Kiswahili. Hakuna askari aliyemfanyia Ó Ceallaigh kazi kama hiyo.

Upande wa pili wa biashara hii ulikuwa kashfa. Tarikhi za mwaka 1414 zinamtaja John Stanley, aliyeletwa na mfalme wa Uingereza kuitawala Ayalandi. Stanley aliteka mifugo ya Niall Ó hUiginn, malenga, huko Uisneach. Akina Ó hUiginn wakamtungia shairi la kashfa. Wiki tano baadaye Stanley alikuwa maiti, na waandishi wa tarikhi wanaandika bila wasiwasi kwamba sumu ya shairi ndiyo iliyomuua, tena kwamba huo ulikuwa muujiza wa pili wa Niall. Wa kwanza watu waliomwibia waliota mvi usiku mmoja. Sina haja ya kuamini miujiza hiyo ili nione inafanya kazi gani. Katika tukio hilo hilo kabaila wa jirani, Henry Dalton, aliwavamia watu wa mfalme, akawarudishia akina Ó hUiginn ng'ombe kwa ng'ombe. Mtu wa kawaida akiibiwa hafanyiwi hivyo. Dalton alijua analinda nini: kinywa kinachoweza kumtaja vizuri, au vibaya, mbele ya wajukuu zake.

Hapo ndipo naachana na wanaosema mashairi haya ni kujipendekeza tu. Sifa ya anayeweza kukukashifu inasikika tofauti. Lakini siafikiani pia na kundi la pili, hasa wapenzi wa taifa la Ayalandi wa karne ya 19 na ya 20, waliowageuza malenga kuwa sauti ya umma inayolilia uhuru. Gofraidh Fionn mwenyewe aliwakatalia mapema. Alikuwa akimwandikia Gearóid, mkuu wa Desmond, mtu wa ukoo wa Kinormani wa FitzGerald aliyeujua ushairi wa Kigaeli kiasi cha kuutunga mwenyewe. Mwaka 1366 bunge la Kilkenny lilikuwa limewapiga marufuku Waingereza wa Ayalandi kuwakaribisha washairi na waghani wa Kigaeli. Mwaka mmoja baadaye Gearóid huyo huyo akateuliwa kuwa mwakilishi wa mfalme. Na Gofraidh anamwambia wazi:

*I ndán na nGall gealltar linn*
*Gaoidhil d'ionnarba a hÉirinn;*
*Goill do shraoineadh tar sál sair*
*i ndán na nGaoidheal gealltair.*

Yaani: katika mashairi ya wageni tunaahidi kuwafukuza Wagaeli Ayalandi, katika mashairi ya Wagaeli tunaahidi kuwatupa wageni ng'ambo ya bahari, mashariki. Tazama vina, *linn* na *hÉirinn*, *sair* na *gealltair*: silabi moja ikijibiwa na mbili, kama kanuni inavyotaka. Kwingine katika shairi hilo anasema kuwaahidi Wagaeli ufalme wasioupata ni desturi yao washairi, na bwana wake asiitie maanani. Kukiri huko kumewakera wasomaji wengi. Mimi kunanifurahisha. Anachosema Gofraidh ni kwamba kila hati ina fomu yake, na wote wawili, mwandishi na mteja, wanajua fomu hiyo inasomwaje. Hakuna aliyedanganywa.

Miaka mia mbili baadaye Tadhg Dall Ó hUiginn, aliyefariki mwaka 1591, aliisogeza hoja mbele zaidi. Mteja wake alikuwa Seaán mac Oilbhéarais Búrc, kizazi cha Wanormani wale wale waliompokea Muireadhach, na swali lilikuwa haki: ukoo uliokuja na meli unamilikije Connacht, jimbo la magharibi? Tadhg Dall anaanza hivi: *Fearann cloidhimh críoch Bhanbha*, nchi ya Banbha, yaani Ayalandi, ni ardhi ya upanga. Kisha anawapanga wavamizi wote wa hadithi za kale, wimbi baada ya wimbi, mpaka wana wa Míl ambao Wagaeli hujitambua kuwa wajukuu wao. Wote waliichukua kwa nguvu. Nani basi ana haki ya kumwambia Búrc arudi kwao? Ni hoja ya wakili, na wakili mzuri. Wakili huyo huyo, akimwandikia Brian Ó Ruairc, alimhimiza awashike Wagaeli wawe kitu kimoja na awapige Waingereza, kwa kuwa amani humwendea aliye tayari kwa vita. Ó Ruairc alinyongwa London mwaka 1591. Anayesoma shairi moja tu kati ya hayo mawili atamfanya Tadhg Dall shujaa au msaliti, na atakuwa amekosea yote mawili.

Upanga, ukoo, ardhi: hapo tumeshaingia kwenye historia ya kishairi, sehemu ya kazi hii ninayoiona nzito kuliko sifa. Mnamo Julai 1249 mtoto wa miaka saba, Alexander III, alitawazwa kuwa mfalme wa Uskoti huko Scone. Wakubwa wa baraza lake wengi walikuwa na asili ya Kinormani na mila za Kifaransa. Hata hivyo, kwa maelezo ya mwandishi wa karne ya 14, shughuli haikukamilika mpaka mzee mmoja kutoka nyanda za juu alipopiga goti na kumsomea mtoto nasaba yake kwa Kigaeli, jina kwa jina, kurudi nyuma mpaka kwa Scota, binti wa Farao. Wengi wa waliohudhuria hawakuelewa neno. Walielewa kwamba lisiposomwa mtoto hajawa mfalme kamili.

Katika karne hiyo hiyo Giolla Brighde Mac Con Midhe alikuwa akijibu tishio lililodaiwa kutoka Roma, kwamba Kanisa linataka washairi wafukuzwe. Utetezi wake hauna hisia nyingi. Ushairi ukizamishwa, anasema, pasiwe na historia wala tungo za kale, hakuna atakayesikia habari za mtu yeyote zaidi ya baba yake mwenyewe. Hoja inauma kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu inasema zaidi ya alivyokusudia. Maelfu ya wakulima waliozalisha ng'ombe wa kulipia mashairi waliishi hivyo hivyo, wakimjua baba na labda babu. Fionn Ó Brolcháin tunamjua jina kwa kuwa aliuawa na mtu mashuhuri. Kumbukumbu ilikuwa huduma, na huduma ilikuwa na bei.

Mfano unaonivutia kuliko yote katika fani hii ni wa Seán Mór Ó Dubhagáin, mwanahistoria wa akina Ó Ceallaigh, aliyefariki mwaka 1372. Alitunga shairi refu la kuizunguka Ayalandi, jimbo kwa jimbo, akitaja kila nchi na ukoo unaoitawala. Anaanzia Tara, katika Midhe. Kasoro yake ni moja: watawala anaowataja ni wa kabla ya Wanormani kufika mwaka 1169. Midhe ilikuwa imetolewa kwa Hugh de Lacy mwaka 1172, karne mbili kabla, na baadhi ya koo anazoziita mabwana wa nchi zilikuwa zimeshafukuzwa au kufifia kabisa. Wapo wasomi wanaolichukua kama ramani ya karne ya 12, na lina manufaa hayo. Lakini Ó Dubhagáin aliishi wakati ambao watawala wa Kigaeli walikuwa wakiyarudisha mashamba yao kidogo kidogo kwa silaha, na anayerudisha shamba anahitaji daftari la mipaka ya zamani. Hilo ndilo alilowaandikia. Giolla na Naomh Ó hUidhrín, aliyefariki mwaka 1420, alilikamilisha kwa upande wa kusini, naye akiwaacha wageni nje ya mistari. Huku si kusahau. Watu waliokuwa na tungo 350 kichwani hawasahau mtaa mzima wa Wanormani.

Waingereza walilitambua jambo hili kuliko wasomaji wengi wa baadaye. Edmund Spenser, mshairi na mlowezi aliyepewa ardhi Kilcolman, aliandika mwaka 1596 kwamba washairi wa Ayalandi huwapamba waasi na wahuni na kuwapa vijana mifano mibaya. Alikiri kuwa alitafsiriwa baadhi ya tungo na akazikuta na akili tamu na ubunifu. Aliyasema hayo katika maandishi yanayopendekeza nchi hiyo ivunjwe kwa nguvu. Mtu hapotezi muda kuwaogopa wapiga makofi.

Mfumo ulianguka wanunuzi walipoanguka. Wagaeli walishindwa na Waingereza huko Kinsale mwaka 1601. Septemba 1607 wakuu wa Ó Néill na Ó Domhnaill wakapanda meli Rathmullan wasirudi tena. Washairi walijaribu kila mlango. Fearghal Óg Mac an Bhaird alimkaribisha James, mfalme wa Uskoti, alipopata kiti cha Uingereza mwaka 1603, akimthibitishia kwa nasaba kwamba taji tatu, la Uskoti, la Uingereza na la Ayalandi, ni haki yake. Hati ilikuwa safi. Mfalme hakuwa na haja nayo, kwa kuwa alikuwa na hati nyingine za namna nyingine. Eochaidh Ó hEodhasa, malenga wa akina Mág Uidhir, alitunga shairi la kejeli akitangaza kwamba anaacha ufundi mgumu, anahamia beti rahisi za mtaani zinazolipa vizuri zaidi. Uskoti mwisho ulichelewa. Kizazi cha Muireadhach, akina MacMhuirich, waliendelea na kazi mpaka Niall aliyefariki mwaka 1726. Mwaka 1800 Lachlann wa ukoo huo, asiyejua kusoma, aliweza kuitaja nasaba yake vizazi 18, akasema aliwahi kuona vitabu vya ngozi vya familia vikikatwa vipande na mafundi cherehani wavitumie kama kanda za kupimia.

Linabaki jambo moja ambalo naona limehukumiwa vibaya. Kuanzia kama mwaka 1616, nchi ikiwa imeshachukuliwa, Tadhg mac Dáire Mac Bruaideadha wa kusini na Lughaidh Ó Cléirigh wa kaskazini walianza kujibizana kwa mashairi juu ya nani ana mababu bora, kusini au kaskazini, na washairi wengine wakadakia kwa miaka. Ubeti mmoja wa wakati huo, unaohusishwa na Askofu Mkuu Flaithrí Ó Maolchonaire, unawaita mbwa wenye elimu nyingi wanaogombania banda tupu. Umenukuliwa mara nyingi kama neno la mwisho. Lakini banda halikuwa tupu kwa wote. Tadhg alikuwa malenga wa Donnchadh Ó Briain, mkuu wa Thomond, aliyesimama na Waingereza kwenye vita na kubaki na ardhi na cheo chake. Alikuwa na bwana aliye hai wa kumtetea mbele ya serikali mpya, na nasaba ya kusini ilikuwa bado ina kazi ya kufanya. Bwana wa Lughaidh alikuwa Ó Domhnaill. Ukoo huo ulikuwa umeondoka na meli ya mwaka 1607, na mashamba yao yalikuwa yanapimwa upya na walowezi wakati Lughaidh akitunga majibu.